RO yangu inadondosha tone tone: ninunue pampu ya nusu hosi, niinue tangi, au niachane nayo?

"Habari za kazi fundi. Mi naishi Usa River, maji yetu ni ya kisima cha jirani tunalipia kwa mwezi, yanajaa kwenye simtanki ya lita 2000 iliyo juu ya mnara wa tofali kama mita tatu hivi. Mwaka jana tulipima maji floridi ikatoka 3.8. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka tisa meno yana madoa ya kahawia, wa pili ana minne, ndo maana nikajinyima nikanunua mashine ya kuchuja maji ya RO ya 75 GPD (galoni 75 kwa siku), ile ya chupa tatu za filta na membreni (ngozi nyembamba ya kuchujia) na katangi kadogo chini ya sinki. Shida maji yanatoka kwa tone. Asubuhi tangi la juu likiwa limejaa angalau yanadondoka, ikifika jioni hamna kabisa, na kale katangi ukikanyanyua ni kepesi kama kapya dukani. Ila kabomba ka maji ya kutupa kanatiririka mchana na usiku. Nina kamita ka TDS (jumla ya vilivyoyeyuka kwenye maji), maji ya bombani yanasoma 380, ya kwenye filta 90, wakati jirani mwenye mashine kama yangu yake inasoma 25. Fundi wa kwanza kasema ninunue pampu ya nusu hosi tuunge moja kwa moja. Wa pili kasema pampu itapasua mashine, bora tuinue mnara ufike mita sita. Mama mkwe anasema niache yote nichemshe maji. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, umeuliza vizuri mpaka nusu ya jibu umeshaliandika mwenyewe. Hiyo sentensi ya asubuhi na jioni, pamoja na katangi kepesi, inatosha kuniambia mashine yako haijaharibika na wala hukuuziwa feki. Mashine yako ina njaa ya presha, basi. Na katika hao watu watatu hakuna aliyekosea kila kitu, ila hakuna hata mmoja ningemfuata kama alivyosema.

Tuanze na mama mkwe maana huyo ndo wa kuishi naye. Kuchemsha maji ni jambo jema, kunaua vijidudu, na kama kisima cha jirani kiko karibu na choo cha mtu basi ana hoja. Ila floridi sio kidudu, haifi. Iko ndani ya maji kama chumvi ilivyo ndani ya mchuzi, ukichemsha maji yanapungua kwa mvuke yenyewe inabaki, kwa hiyo ukiyachemsha sana ndo kwanza unaikoleza. Huku kwetu kuzunguka Meru na Kilimanjaro floridi inatoka kwenye miamba ya volkano, hata maji yawe meupe na matamu kiasi gani bado inaweza kuwemo. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi ni miligramu 1.5 kwa lita, we una 3.8, zaidi ya mara mbili. Na huyo wa miaka minne yuko katikati ya umri ambao meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya fizi, kazi hiyo inaenda mpaka kama miaka minane hivi, kwa hiyo ulivyojinyima hukukosea. Wa kwanza madoa yaliyoshaingia hayatafutika kwa maji masafi, hilo ni la kuongea na daktari wa meno. Na nikuibie siri nyingine kabla sijasahau, kama mnapika makande kwa magadi, punguza au acha, magadi ya huku mengi yana floridi nyingi, unaweza ukahangaika na filta halafu ukairudisha kwenye sufuria kwa kijiko.

Sasa kwa nini presha. Ukitengeneza kachumbari, ukakata vitunguu na nyanya ukanyunyiza chumvi, ukiacha dakika kumi unakuta bakuli lina maji chini. Nani kayakamua? Chumvi ndo imeyavuta yatoke. Maji yenyewe kwa asili yake yakikutana na ngozi nyembamba yanapenda kwenda upande wenye chumvi nyingi. Mashine ya RO inataka kinyume chake kabisa, inataka maji yatoke upande wenye chumvi yaje upande msafi, na hayatakuja kwa hiari, ni mpaka uyasukume. Kwa makadirio ya haraka kila TDS 100 inadai paundi moja ya presha (psi, paundi kwa inchi ya mraba) ili tu kufikia sare, yaani hapo hata tone halijapita. We una 380, kwa hiyo karibu paundi nne zinaliwa na chumvi kabla membreni haijaanza kazi.

Haya tuone unazo ngapi. Kila mita moja ya maji kwenda juu inakupa kama paundi 1.4. Mnara mita tatu, kina cha maji tangi likijaa tuseme mita moja na nusu, halafu membreni yenyewe imekaa nusu mita juu ya sakafu. Hiyo ni mita nne, yaani paundi tano na nusu asubuhi, na hapo sijatoa zile zinazomezwa na chupa tatu za mwanzo. Ondoa nne za chumvi unabakiwa na moja na kitu. Jioni mmeshafua, mmeshaoga, tangi limebaki robo, presha imeshuka mpaka nne, toa nne, sifuri. Ndo hiyo jioni yako isiyo na maji. Halafu angalia kibandiko cha membreni, hizo lita 284 kwa siku ambazo ndo galoni 75 walizipata kwa kupima kwenye presha kubwa, nyingi ni paundi 60 hivi, na maji yenye joto la nyuzi 25. We uko chini ya moja ya kumi ya hiyo presha, na maji ya Usa River mwezi wa saba sio ya nyuzi 25 hata kidogo, kila nyuzi moja inayoshuka inakula kama asilimia tatu ya mavuno. Kwa hiyo hata ukiweka pampu usishangae msimu wa baridi mashine ikawa mvivu kidogo, ni kawaida yake.

Katangi kepesi nako ndo hivyo hivyo. Ndani kana puto la hewa lililojazwa paundi saba au nane toka kiwandani, ili maji yaingie lazima yaizidi hiyo hewa. Maji yako yana moja na nusu. Hayajawahi kuingia humo, yanayodondoka unayaona yanaenda moja kwa moja koki ya sinki. Na kwa sababu tangi halijawahi kujaa, kale kavalvu ka kufunga maji tangi likijaa hakajawahi kupata amri ya kufunga, ndo maana bomba la kutupa halilali. Chukua kikombe cha kupimia cha jikoni ukinge hapo dakika moja. Hata ukipata mililita 100 tu, kwa masaa 24 ni lita 144 zinaenda mtaroni, na unamlipa jirani.

Kuhusu 90 yako na 25 ya jirani, hii watu wengi wanaikosea wanadhani membreni imechakaa wanakimbilia kununua nyingine. Chumvi inapenya kwenye membreni kidogo kidogo kwa mwendo wake, presha haiijali sana. Maji ndo yanaijali presha. Sasa presha ikiwa ndogo maji yanapita machache lakini chumvi imepita ileile, ni kama kijiko kimoja cha sukari ukikitia kwenye kikombe badala ya birika zima. Ukipandisha presha maji yanakuwa mengi chumvi inatawanyika, usomaji unashuka wenyewe. Kwa hiyo pampu kwa mashine ya RO sio ya kuongeza kasi tu, inasafisha pia. Usibadilishe membreni kwanza.

Tuje kwa fundi wa pili, wa mnara. Yuko sahihi kwamba kimo ni presha, na nampenda kwa sababu hataki umeme karibu na maji. Ila hesabu inamkataa. Ukiinua tangi mita tatu zaidi unaongeza paundi nne na robo. Mashine inataka angalau 40, ili uzipate kwa kimo peke yake unahitaji mita 28 toka membreni mpaka maji, hilo ni ghorofa la tisa. Hela ya tofali, nondo na saruji ya kuinua mnara, pamoja na hatari ya tani mbili za maji kukaa juu ya ujenzi ulioungwaungwa, haifanani na utakachopata. Kama mnara una sababu nyingine, bafu mfano, hiyo ni hadithi nyingine.

Fundi wa kwanza ndo mgumu kumweleza maana kapatia robo tatu. Pampu ndogo za nusu hosi zinazouzwa kila duka la vifaa, zile za kusukuma maji kwenye tangi, nyingi zinafika kimo cha mita 35 mpaka 40, yaani paundi 50 na ushee. Presha ipo. Tatizo ni wingi. Pampu ile imezoea kutoa lita 30 kwa dakika, mashine yako nzima, maji safi jumla ya kutupa, inakunywa chini ya lita moja kwa dakika. Ni kama kumnywesha mtoto uji kwa ndoo. Pampu inazunguka maji yaleyale ndani yanachemka, sili inaungua. Wanaijua hiyo kwa hiyo wanaweka ile otomatiki ya kuhisi maji yakitembea, sasa otomatiki nyingi hazihisi mtiririko mdogo kiasi hicho, basi inawaka inazima inawaka inazima usiku kucha, kila ikiwaka chupa za filta zinapigwa kofi la maji. Hapo ndo fundi wa pili anaposema itapasua mashine, na hajasema uongo, nimeokota vifuniko vilivyopasuka mimi. Chupa nzuri zinaandikwa paundi 125 lakini hilo ni kwa presha iliyotulia, sio makofi.

Pampu kubwa inafaa ukiweka pamoja na tangi la presha, lile la lita 24 au zaidi, na swichi ya presha, halafu ihudumie nyumba nzima. Bafu linakuwa la hotelini, mashine ya kufulia inafurahi, na RO inapata bar mbili na nusu hivi, paundi 36, inafanya kazi japo sio kwa raha yake yote. Kama mlikuwa na mpango huo siku zote basi fanyeni huo. Ila kama shida ni maji ya kunywa tu, usiingie gharama hiyo.

Unachohitaji ni pampu ya RO yenyewe. Ni kadude kadogo kama kopo la maziwa ya unga, kanatumia volti 24 kupitia transfoma, ndani kana mpira unaochezeshwa mbele na nyuma unasukuma maji kidogo kidogo. Kanakula wati 25 mpaka 30, chini ya taa za zamani za nyuzi. Familia yenu wakitumia lita 20 kwa siku kunywa na kupikia, na nasisitiza kupikia, ugali na chai vinanywa maji kuliko sisi, pampu itafanya kazi kama masaa mawili hivi, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya yuniti. Huko kwenye luku hutaiona.

Dukani angalia GPD kwanza. Membreni ni 75, pampu iwe 75 au 100. Usichukue 50 haitatosha, na usidanganyike na ya 400 kwa sababu iko kwenye punguzo, hiyo ni ya mashine nyingine kabisa. Halafu volti za pampu na za transfoma zifanane, 24 kwa 24, zipo za 36 pia zinafanana sana kwa macho, na transfoma iwe na ampea sawa au zaidi ya zilizoandikwa kwenye pampu, ikiwa na pungufu inachemka mpaka inanuka. Mdomo wa bomba ni robo inchi kwenye mashine nyingi za nyumbani ila beba kipande cha bomba lako uende nacho. Na nunua seti, tafadhali, usinunue pampu kavu. Seti inakuja na swichi ya presha ndogo, swichi ya presha kubwa na valvu ya umeme, na mi nakwambia hivyo vitatu vina maana kuliko jina la pampu. Swichi ndogo inazima pampu maji yakikatika isizunguke kavu. Swichi kubwa inazima katangi kakishajaa, kwenye paundi 40 hivi. Valvu ya umeme inafunga njia pampu ikizima, ili yale maji ya mtaroni yakome. Anayekuuzia pampu peke yake anakuuzia kelele.

Ongeza na geji ndogo ya presha uifunge baada ya pampu. Bila geji utakuwa unabahatisha kila siku, ukiwa nayo unaangalia tu, 60 mpaka 80 safi, ikivuka 100 zima uite mtu.

Sasa kufunga. Kama mkono wako mwepesi unaweza upande wa maji, mabomba haya yanachomekwa tu, ila upande wa umeme subiri nimalize. Vitabu vingi vya maelekezo vinasema pampu ikae baada ya chupa zote tatu kabla ya membreni. Hiyo ni kwa nyumba yenye presha ya mamlaka bombani. Kwako we wa tangi la juu inakuja na mtego: chupa tatu zikishachafuka kidogo zinameza zile paundi zako tano zote, pampu inabaki kunyonya kama mtu anayenyonya soda kwa mrija uliobinywa, na mahali popote penye uungio uliolegea inavuta hewa, unasikia inagwaruza. Mbaya zaidi swichi ya presha ndogo haioni presha ya kutosha, haiwashi, mteja anadhani pampu mbovu. Kwa hiyo kwa nyumba kama yako mi naweka pampu baada ya chupa ya kwanza tu, ile nyeupe ya kuzuia mchanga, kabla ya mbili za mkaa. Mchanga unazuiwa usikwaruze mpira wa pampu, na pampu haihangaiki kunyonya. Gharama yake ni kwamba chupa mbili za mkaa sasa zinakaa kwenye presha kubwa, kwa hiyo zikague kama hazina ufa, kaza vizuri, na paka mafuta ya silikoni kwenye ule mpira wa duara, sio mafuta ya kupikia wala vaselini.

Na kama hata hapo swichi ndogo bado haiwashi jioni tangi likiwa chini, kuna ujanja mafundi wanafanya, wanazisokota nyaya mbili za swichi pamoja wanaipita. Usikubali. Siku maji ya jirani yakikatika mko shambani, pampu itazunguka kavu mpaka ife. Badala yake weka floti ya umeme ndani ya simtanki, ile ile ya pampu za kisima, inazima maji yakishuka. Waya mrefu, ndiyo, lakini unalala.

Mpangilio wa nyaya ni mwepesi: toka transfoma, pita swichi ndogo, pita swichi kubwa, ingia pampu, na valvu ya umeme inakula sambamba na pampu ili viwake na kuzima pamoja. Valvu ifunge njia ya kuingia. Swichi kubwa lazima ikae upande wa katangi, baada ya kile kipingo cha kuzuia maji yasirudi kwenye membreni, ikiwa kabla yake itakuwa inawaka na kuzima kama taa ya harusi. Kale kavalvu ka zamani ka kufunga kwa presha unaweza kukatoa ukishaweka valvu ya umeme, vikiwa viwili kila kimoja kinajiona bosi. Pampu ifunge wima, kichwa cha maji chini mota juu, kikivuja siku moja yasiingie kwenye mota. Ining'inize kwenye mpira au sponji, ukiikaza kwenye kabati la mbao moja kwa moja jikoni kutakuwa na mngurumo kama jenereta la jirani.

Na transfoma iwe juu, ukutani, mbali na chini ya sinki. Hili nimelipia ada. Niliwahi kufunga mashine nyumba moja pale Sakina, kazi safi, nikaiacha transfoma imelala sakafuni mwa kabati maana waya ulikuwa mfupi na mi nilikuwa na haraka. Usiku kiungio kimoja kikadondosha, sio sana, tone kwa sekunde. Asubuhi napigiwa simu transfoma imeungua na kabati limepata doa jeusi. Hakuna aliyeumia, ila toka siku hiyo natembea na waya wa ziada kwenye begi. Soketi ya jikoni iwe na ethi ya kweli na kile kikata umeme kinachoruka ukivuja, na kama umeme wenu unapanda na kushuka pitisha kwenye gadi kama ya friji. Haya ya soketi ndo nasema aje fundi umeme mwenye leseni, hapa sina utani.

Kabla hujawasha pima hewa ya katangi kakiwa katupu kwa geji ya baiskeli, iwe saba au nane, ikipungua ongeza kwa pampu ya mkono. Angalia pia kale kakizuizi kwenye bomba la maji ya kutupa, kana namba, kinatakiwa kiendane na membreni ya 75. Membreni nzuri inatupa kama mara mbili mpaka tatu ya inayotoa. Pima kwa kikombe baada ya kufunga: ukipata mililita 180 safi na 450 za kutupa kwa dakika, uko vizuri. Ukikuta zinatupwa lita na nusu kizuizi sio chake, na ukikuta zinatupwa kidogo sana kuliko safi usifurahie, chumvi inaganda kwenye membreni na itakufa mapema.

Jaza katangi mara ya kwanza mwaga yote, itachukua kama saa moja na nusu au mbili kwa baridi ya huku. Usifunge ukaondoka nyumbani siku hiyo, pitisha tishu kavu kwenye kila kiungio baada ya masaa mawili, tishu haidanganyi. Siku ya pili pima TDS, nategemea utafika kwenye 25 au 30 kama jirani. Ikigoma kushuka na geji inasoma 60, hapo ndo membreni ina kesi.

Umeme ukikatika mashine inasimama lakini yale maji yaliyomo kwenye katangi, lita nane tisa hivi, yanatoka kama kawaida kwa sababu yanasukumwa na hewa, sio pampu. Pampu ikianza kuwaka na kuzima kila baada ya dakika chache na hakuna anayetumia maji, mara nyingi ni kile kipingo cha kuzuia yasirudi kimechoka. Ikiwa haizimi kabisa, angalia chupa za mwanzo kama zimeziba. Chupa ya mchanga kwa maji ya kisima usingoje miezi sita iliyoandikwa, fungua uitazame, ikiwa rangi ya chai ya maziwa imeshakwisha.

Maji ya kutupa mtapata kama lita 60 kwa siku kwa hizo 20 za kunywa. Yakingeni kwenye ndoo, yafaa kudekia na chooni na kufulia. Kuku na ng'ombe msiwape, floridi humo imepanda kutoka 3.8 kwenda kama 5.

Nisiwe mchuuzi wa pampu lakini. Kama umeme wenu unakatika siku nzima mara kwa mara, au hela ya seti haipo mwezi huu, kuna njia zisizohitaji presha. Kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto, hapo hapo jirani yako, wamefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa, maji yanapita kwa kudondoka tu, ndoo juu ya ndoo. Wapo wasiopenda kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa na siwabishii. Na pale Tengeru, chuo cha Nelson Mandela, Dokta Askwar Hilonga alibuni filta yake ya nano iliyoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015, nayo haihitaji pampu. Ubaya wa zote hizi ni kwamba kile kinachochuja ndani kinachoka kimya kimya, maji yanaendelea kutoka mengi na mazuri wakati floridi imeanza kupita, na kamita kako ka TDS hakatakwambia.

Hapo ndo jambo la mwisho lililobaki. TDS inahesabu kila kilichoyeyuka kwa pamoja, haijui floridi ni ipi, na vijidudu haivioni kabisa. Baada ya pampu kukaa wiki mbili, peleka chupa mbili maabara ya maji, moja ya bombani moja ya filta, omba floridi na vijidudu. RO inayofanya kazi vizuri inatoa floridi zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo ya filta natarajia isome chini ya 0.4. Ikisoma zaidi ya 1 nitumie picha ya geji, picha ya pampu ilipokaa na vile vipimo vya kikombe, na kabla ya hapo usiruhusu mtu akuuzie membreni.